Sahani ya Saa Kumi

Kuku walikikataa kile chakula.

Aikande alikimwaga chini ya mgomba kama alivyokimwaga kila asubuhi: kiburu cha jana, ndizi na maharage yake, mafuta yakiwa bado yameganda juu. Kuku sita waliokuwa na njaa ya tangu jioni wakaja mbio, wakachungulia. Jogoo akadonoa mara moja, akafuta mdomo kwenye nyasi, akaenda zake. Wengine wakamfuata. Aikande akabaki na sahani mkononi. Kuku si kiumbe wa kuringa, hula hata vinavyomtia binadamu kinyaa. Akaokota haragwe moja, akalitia mdomoni. Halikuwa limechacha. Halikuwa na chumvi, wala ladha, wala harufu. Lilikuwa laini tu, na baridi yake iliuma jino.

Chumvi alikuwa ametia mwenyewe, sufuria moja, na wote walikula wakasifu. Aliisuuza sahani, akaiinamisha kichanjani, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Siku hizo hakuna jambo lililomshangaza kwa zaidi ya dakika moja.

Sahani ilikuwa ya mumewe, Eliezeri, ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa bluu uliobanduka upande mmoja. Eliezeri alikuwa mpagazi. Kahawa ilipokosa bei, wanaume wengi wa Masama, chini ya Kilimanjaro, waliacha miti yao ikisongwa na magugu, wakapanda mlimani na mizigo ya watalii kichwani. Januari ya mwaka ule wa mvua kubwa, elfu moja mia tisa tisini na nane, walipanda wanane, theluji ikawashukia, wakateremka saba. Eliezeri alitafutwa siku tisa. Halikuonekana hata begi.

Ukoo wao una desturi yake kwa msiba wa namna hiyo. Mwili ukikosekana, hukatwa shina la mgomba, likavikwa shuka, likazikwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani, na kupandiwa majani ya masale kichwani, ili aliyepotea ajue kwamba kwao safari yake wameifunga. Mama mkwe wake, Bibi Elieshi, alilitaka hilo kabla ya mwezi kuisha. Aikande alikataa mbele ya ukoo mzima.

"Mimi sikuolewa na mgomba," alisema. "Mleteni mwenyewe nimzike."

Nani angemlazimisha mjane? Mambo yakaachwa hapo yalipo, hayakuzikwa wala kuliliwa. Aikande hakutoa chozi. Watu wakasema ana moyo wa jiwe, na watu kwa kusema hawajambo. Ukweli ni kwamba hakuusikia moyo wowote, si wa jiwe wala wa nyama. Alifuliza kazi, akalala, akaamka. Na kila siku saa kumi alasiri, saa ambayo wapagazi hufika majumbani wakishuka, alipakua chakula, akajaza ile sahani, akaifunika kwa nyingine, akaiweka mwisho wa benchi karibu na mlango. Kumwekea chakula aliye safarini si uganga, ni adabu tu. Nyumba zote mlimani kule hufanya hivyo.

Kilichowashtua watu wa nyumbani hakikuwa kuku. Kilikuwa Brenda.

Brenda alikuwa binti pekee wa Aikande, wa miaka tisa. Alizaliwa bila maneno, ila masikio alipewa ya kutosha wawili. Panya akitembea darini yeye ndiye wa kwanza kuinua macho. Mtoto mpole, wa kushinda akipanga punje za kahawa mistari mistari uani. Mwezi wa sita upole huo ukaisha. Chakula kikishapakuliwa, aliruka, akaisukuma sahani ya baba yake hadi chini, kisha akamrukia bibi na kumpiga mdomoni. Si begani, si mgongoni. Mdomoni. Siku moja alimpiga kwa mwiko, mdomo ukapasuka, bibi akashonwa nyuzi mbili zahanati.

"Shemeji, tusifichane," alisema Ndelilio, mdogo wake Eliezeri, aliyekuwa na duka la mitumba Moshi mjini na kuja nyumbani kila Jumamosi. "Huyu mtoto ana jini."

"Ana miaka tisa," Aikande alijibu.

"Jini haliulizi miaka."

Akaletwa mwinjilisti Filemon na kikundi chake cha maombi, watu wema walioimba mpaka sauti zikawakauka. Filemon alishauri, kwa nia njema kabisa, kwamba kwa siku saba mtoto afungwe mikono kwa kitenge wakati wa chakula, asiumize mtu. Ikafanywa. Brenda alilia mpaka sauti ikabaki pumzi. Kwa siku saba hizo kikundi kiliimba saa ya chakula bila kukoma, hata hodi isingesikika, sahani ikakaa salama mwisho wa benchi, na ya saba Aikande alipoifunua asubuhi akakuta nyeupe tupu, kavu. Alidhani ni paka. Paka wao alikuwa amehama tangu Jumatano.

Ndelilio akakata shauri. Kulikuwa na mzee mmoja mbali huko tambarare aliyepokea watu wa aina hiyo. Hufungwa mnyororo, lakini hupona, ndivyo alivyosikia. Tarehe ishirini na tisa Agosti angekuja na gari kumchukua Brenda. Aikande alisikia neno mnyororo, akasubiri limuume. Halikuuma. Ni hilo lililomtisha, kwamba anaambiwa mwanawe atafungwa mnyororo na yeye anafikiria majani ya ng'ombe.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo akaja mwalimu.

Aliitwa Hilda, mwenyeji wa Mkuu kule Rombo, mwanamke mfupi mwenye buti za mvua na begi la turubai. Alisomea kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu, na shule ya kata ilikuwa inamfungulia darasa, basi akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha. Alimwamkia bibi shikamoo, akakaa, akamtazama Brenda muda mrefu bila kumgusa. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza.

"Huwa anaanza saa ngapi?"

"Muda wowote," alisema bibi.

"Muda wowote haupo, bibi yangu. Hata mvua ina saa zake. Ameanza lini? Nani akiwepo? Akishampiga mtu, anapata nini? Anakimbia, anakula, analala?"

Hawakujua. Miezi miwili wamempigia kelele mtoto na hakuna aliyejua anapata nini.

Mwalimu Hilda akatoa daftari jipya, akapiga mistari miwili kwa rula, zikawa safu tatu. Juu akaandika KABLA, ALICHOFANYA, BAADA. Akampa Aikande.

"Wiki mbili, mama. Kila siku. Usiandike kwamba amepandisha. Andika mkono umekwenda wapi. Usiandike unachofikiri, andika ulichoona na ulichosikia, hata kama ni kidogo kama kikohozi. Mtoto asiye na maneno anasema kwa mikono. Sisi kazi yetu ni kujua anajibu swali gani."

Ndelilio alipoambiwa alicheka puani. "Jini la kuandikiwa daftari! Haya, andikeni. Tarehe ishirini na tisa iko pale pale."

Aikande akaandika. Kuandika hakukumtaka ahisi kitu, na hilo lilimfaa. *Jumatatu. KABLA: nimepakua, nimefunika sahani ya baba. ALICHOFANYA: ameimwaga, amempiga bibi mdomoni. BAADA: ametulia, amekula vizuri.* Jumanne hivyo hivyo. Jumatano bibi alikuwa msibani, akapigwa jirani aliyekuja kuomba moto.

Mwalimu alipita kila siku ya pili, akisoma, akibadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine kama vilivyo. Alimpeleka mtoto zahanati akapimwa masikio, meno na minyoo, mzima. Akamhamisha bibi kiti; bado akapigwa. Akaagiza chakula kipakuliwe saa nane. Mtoto hakufanya lolote. Akaagiza sahani ya baba iwekwe saa kumi ikiwa tupu; hakufanya lolote. Ikajazwa saa kumi, kaa la moto likawaka tena.

"Kwa hiyo ni sahani," alisema mwalimu, akigonga kalamu kwenye daftari. "Ni sahani yenye chakula, saa kumi. Hilo naliona, mtoto amemkosa baba yake, ile sahani inamuumiza. Lakini mdomo? Mdomo unahusiana nini na sahani?" Akamgeukia bibi. "Bibi, ukipigwa huwa unafanya nini? Unatafuna? Unaimba?"

"Niimbe nini, mwanangu? Nakuwa namwitikia mgeni."

"Mgeni gani?"

"Huyo aliyebisha hodi. Mtoto huyu amenifukuzia wageni wote kwa makelele yake. Nikisema nitoke nimpokee mtu, ameshaondoka."

Masikio ya bibi yalikuwa yamebaki nusu. Alisikia neno, ila hakusikia ni la nani. Mwalimu Hilda alipekua daftari taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kidole kwenye safu ya kwanza. Siku kumi. Hodi haikuwamo hata mara moja.

"Mama Brenda," alisema kwa sauti ya chini, "wewe huwa unaisikia hiyo hodi?"

Aikande alikuwa akimenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Naisikia."

"Kila siku sahani ikijazwa saa kumi?"

"Tangu mwezi wa sita."

"Na hukuandika."

"Ningeiandika ungenikataza kumwekea chakula. Wala siitikii, nisije nikafungua nisimkute." Kisu kikaenda, ganda likaanguka. "Ile ni sauti ya mume wangu, mwalimu. Na buti ni zake. Huwa anazikung'uta mara mbili kwenye jiwe la mlangoni kabla ya kuingia. Mara mbili, kila siku ya ndoa yetu."

Bibi Elieshi akashika kifua. Mwalimu alilifunga daftari. Alikuwa na elimu yake, na elimu hiyo haikuwa na safu ya jambo hili. Ndipo akasema kesho atakuja saa tisa, na atakaa mpaka aone.

Alifika kabla ya ukungu, na ukungu siku hiyo haukuchelewa. Majini ya hadithi nyingi huja usiku wa manane, ili msimuliaji apate giza la kujificha nyuma yake. Hili lilikuja mchana, ng'ombe wakiwa bado wanacheua na watoto wa jirani wakisikika wakichezea maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba. Aikande alipakua. Mwalimu aliomba mfuniko uondolewe, na Brenda ashikwe mkono, asifungwe, ashikwe tu, ili waone ile sahani inafanyiwa nini isipomwagwa. Aikande akamshika upande mmoja, mwalimu upande mwingine. Mkono wa mtoto ulikuwa unatetemeka kuanzia kiwikoni.

Kwanza watoto wa mfongoni walinyamaza. Halafu ikaja harufu, ya turubai bichi na mafuta ya taa na mawe ambayo hayajawahi kupata jua, ikiingia chini ya mlango pamoja na baridi iliyotambaa sakafuni na kuwapanda miguuni, na mvuke wa kiburu uliokuwa ukipanda wima kutoka kwenye sahani ukasita, ukapinda, ukalala upande kama unaovutwa na mdomo, ukaenda mstari mmoja mwembamba mpaka mlangoni na kupita chini ya ubao kutoka nje, wala upepo haukuwepo, majani ya migomba dirishani yalikuwa yametulia, na Aikande akitazama ndizi zikipauka moja moja na maharage yakigeuka rangi ya majivu alisikia kwenye jiwe la mlangoni buti zikikung'utwa, moja, mbili, kisha sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe ikasema kwa upole:

"Hodi."

Aikande aliukaza mkono wa Brenda.

"Hodi humu ndani."

Malezi ni malezi. Mtu aliyelelewa vizuri akibishiwa hodi mdomo hufunguka wenyewe kabla akili haijafika, na mwalimu Hilda alilelewa vizuri. Mdomo wake ulifunguka. Brenda akajichomoa kwao wote wawili kwa nguvu ambayo mtoto wa miaka tisa hana, akambandika mwalimu kiganja mdomoni, kofi kavu, na kwa mguu akaipiga sahani ikaruka mpaka ukutani.

Nje, buti ziligeuka. Zikaizunguka nyumba bila haraka, zikasimama chini ya dirisha la chumba cha Aikande, na hapo zikakaa muda wa mtu kusali Baba Yetu. Kisha maji ya mfongo yakasikika tena, na watoto juu yake.

Mwalimu alifuta damu kidogo kwenye jino. Kisha akatafuta kalamu.

"Mtoto hana jini," alinong'ona. "Hapigi mtu. Anazuia neno 'karibu' lisitoke. Anamwaga chakula ili lile la nje lisile, anaziba mdomo ili lisikaribishwe. Miezi yote hii huyu ndiye komeo la nyumba yenu." Akameza mate. "Na keshokutwa mnaling'oa, mnalipeleka tambarare."

"Si 'lile', mwalimu," alisema Aikande. "Ni yeye."

"Mama, mimi sikumjua mume wako. Wewe unamjua. Chukua daftari ujaze ulichokiacha."

Basi akakaa, akajaza. Kila siku ambayo sahani ilijazwa saa kumi, safu ya kwanza, mstari wa chini: *Buti mara mbili. Sauti: hodi.* Jumatatu hodi. Jumanne hodi. Alijaza bila kuhisi, kama mtu anayehesabu magunia. Ilipofika ya tisa mkono ukasimama. Akalitazama lile neno. Akarudi nyuma kulitazama mara nane nyingine.

Miaka kumi na mmoja Eliezeri aliishi katika nyumba ile, aliyoijenga mwenyewe. Hakuwahi kubisha hodi. Ni nani hubisha hodi kwake? Alikuwa akifika, akikung'uta buti, akiita kutoka nje, "Mama Brenda, nipokee mzigo!" na kuingia. Kilichokuwa nje kilikuwa na sauti yake na buti zake. Kiliviokota huko juu alikoviangusha. Lakini hakikujua kwamba mwenye nyumba haombi ruhusa.

"Si yeye," alisema Aikande.

Ndipo kifua kikauma. Kilimuuma vibaya, ghafla, na akalia kwa sauti ya mtu asiyejua kulia, iliyokwaruza, mpaka bibi akaja kumshika. Eliezeri alikuwa amekufa. Amekufa tangu Januari, peke yake, kwenye baridi, na chakula chote kile alikuwa anamlisha mwingine. Kilio hakikudumu. Robo saa tu, kifua kikarudi kimya chake. Ila sasa alijua kilipo.

Ndelilio alipofika na gari tarehe ishirini na tisa alikuta wanaume wanachimba kaburi kihambani. Mzee Anaeli, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyelikata shina la mgomba, na Aikande ndiye aliyelivika shuka, lile la kitandani kwao. Walilizika kama mtu, na mwinjilisti Filemon akaja akaomba kwa unyenyekevu. Masale yakapandwa kichwani. Ndipo Mzee Anaeli akawageukia.

"Huyu amekwisha kula kwenu," alisema. "Kuanzia leo asipakuliwe. Si kwa huzuni, si kwa furaha. Mmenisikia?"

Wakasema wamesikia. Ndelilio naye alisema, akiwa ameshika funguo za gari mkononi.

Siku hiyo saa kumi walikula bila sahani ya bati. Ukungu ulikuja, ukaondoka. Brenda alikula, akalala kwenye benchi pale pale, usingizi mzito wa askari aliyebadilishiwa zamu.

Septemba akaanza shule kwa mwalimu Hilda. Huko alifundishwa kwamba mkono hauna haja ya kupiga ili usikike. Akiogopa, au akikataa jambo, aweke kiganja juu ya mkono wa mtu mkubwa, na mtu mkubwa aache anachokifanya, amsikilize. Alifundishwa pia kukaa na mikono mapajani watu wakiwa wengi. Alijifunza vyote upesi. Wageni wakaanza kumsifu, na bibi akawa anaitikia hodi za watu kwa raha zake. Paka akarudi. Kuku wakala makombo.

Kisha ikaja Krismasi, na kama kila mwaka Wachaga wakarudi kwao kutoka kila mji uliowameza. Nyumba ilijaa watu ishirini na kitu. Mchana walichinja mbuzi nyumba ya juu kwa Mzee Anaeli, na wazee, bibi akiwemo, walibaki huko kugawana nyama kwa mpango wa ukoo. Huku chini walikuwa vijana na wake zao, mbege, machalari ya ndizi na nyama, na soda. Mwalimu Hilda alikuwa amekwenda kwao Mkuu. Ndelilio alikuja na mkewe Evelyn, ambaye Agosti alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, kwa hiyo mazishi hakuyaona. Mwanamke mchangamfu, ndiye aliyepakua.

Mbege ni pombe ya urafiki, na Ndelilio alikuwa amefanya nayo urafiki tangu asubuhi. Alisimama na kibuyu, macho yamemlowa.

"Ndugu zangu, tumekaa hapa tunashiba. Kaka yangu alikuwa anaipenda Krismasi kuliko sisi sote. Leo naye ale. Evelyn, mpakulie kaka."

"Shemeji," alisema Aikande, "Mzee Anaeli alisema nini?"

"Leo ni Krismasi, shemeji. Mtu anakatazwa kumkumbuka ndugu yake Krismasi?"

Watu wakaitikia kwa huzuni tamu. Evelyn akatafuta sahani iliyo wazi, akaikuta moja kichanjani, ya bati, nyeupe, ukingo wa bluu. Akaijaza. Akaiweka mwisho wa benchi. Aikande akatazama saa ya ukutani, na kabla hajaisoma akahisi kiganja kidogo kikitua juu ya mkono wake.

Brenda alikuwa amekaa wima, mkono mmoja pajani, mwingine juu ya mkono wa mama yake, kama alivyofundishwa. Alikuwa anatetemeka kuanzia kiwikoni. Mvuke wa machalari ulikuwa umeanza kupinda.

Aikande aliinuka. Alivuka miguu ya watu, akaipiga sahani teke ikatawanyika juu ya magauni ya sikukuu, watoto wakapiga kelele, na katikati ya kelele, kwenye jiwe la mlangoni, moja, mbili, na ile sauti yenye upole: hodi. Evelyn, mwenyeji mwema, akageuka mlangoni akiwa na mwiko mkononi, uso umeshachanua kwa mgeni, na Aikande akamchapa mdomoni kwa mkono wazi mbele ya nyumba nzima.

Damu ikatoka. Nyumba ikavuma.

"Amepandisha!" alisema mtu. "Kumbe lilitoka kwa mtoto likaingia kwa mama!"

"Msiitikie," alisema Aikande. "Nawaombeni, mtu asiitikie. Someni daftari, liko kwenye kabati, someni safu ya kwanza..."

Hakuna aliyekwenda kabatini. Wanaume watatu walikuwa wamemdaka, na Ndelilio, akilia, alikuwa anamfunga mikono kwa kitenge cha mke wake, akimwomba radhi huku akikaza fundo. Aikande alijaribu kuuma. Wakamshika kichwa. Alikuwa anawatazama na kuona kwamba wanampenda, na kwamba hakuna hata mmoja anayemuuliza mkono wake ulikuwa unajibu nini. Moyo ukaanza kunyamaza tena, taratibu. Kwenye kitenge kile, juu ya mikono iliyofungwa, kiganja cha Brenda kikatua. Kikainuka, kikatua tena, kikatua tena.

"Hodi humu ndani," ilisema sauti nje.

Ndelilio akainua uso kwa faraja ya mtu aliyeelemewa anaposikia msaada umefika.

"Karibu!" aliita. "Karibu, ndugu, ingia haraka utusaidie!"

Mlango ukasukumwa polepole, na wote wakaanza kusikia baridi miguuni.